Jinsi ya kuandika hadithi ya upelelezi ambayo mpelelezi ni mwandishi wa habari (na siyo askari aliyevaa presikadi)

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Sakina alinitumia sura tatu za riwaya yake WhatsApp, anataka nimwambie ukweli bila kumpaka mafuta. Mpelelezi wake ni mwandishi wa habari, chalii mkali, anakaa Njiro, anasukuma Prado, na hata kurasa kumi hazijaisha ameshapiga teke geti la mfanyabiashara wa madini kaingia na bastola mkononi. Nikamuuliza, mdogo wangu, bastola kaitoa wapi huyu, na hiyo Prado analipwa na gazeti gani na mimi nikaombe kazi? Akasema "bro si hadithi tu". Ni hadithi kweli, ila hebu mvue yule jamaa presikadi (kitambulisho cha uandishi) shingoni uone kama kuna kitu kitabadilika kwenye kitabu. Hakibadiliki kitu. Ni askari kanzu yule, na kama unataka askari kanzu si umwandike tu askari kanzu, nani kakukataza.

Mimi nimekaa Arusha miaka kadhaa kama korespondenti, wale tunaolipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka basi nauli yako imeliwa na barabara, na sasa hivi niko Moshi naandika hadithi za vipande vipande zile za "itaendelea". Kwa hiyo humu kuna mambo niliyoyaona kazini na mengine niliyoyakosea mwenyewe kwenye hadithi zangu mpaka wasomaji wakanichana.

Anza na asichokuwa nacho

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili tuna wapelelezi wetu. Kuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa kiko, anawaza taratibu mpaka fundo linafunguka. Kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, huyo ana serikali nyuma yake, tiketi ya ndege ipo, silaha ipo. Kuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Sasa wengi wetu tukitaka kuandika mwandishi wa habari tunamchukua Willy Gamba tunamkabidhi notibuku, basi tumemaliza, na hapo ndo stori inapofia.

Mwandishi wa habari hawezi kumweka mtu ndani. Hawezi kuingia nyumba ya mtu akapekua kabati. Hawezi kwenda kampuni ya simu akasema nipeni orodha ya watu aliowapigia marehemu, hapo mapokezi tu watamwangalia kama kachanganyikiwa. Hawezi kuagiza maiti ipasuliwe, hilo ni la polisi na daktari, na kama kuna sumu inayoshukiwa sampuli inaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na majibu hayarudi kwake. Kila mlango ambao polisi anaufungua kwa karatasi yeye anaufungua kwa mdomo, kwa salamu, kwa kukaa benchi masaa matatu, kwa kukumbushana na karani kwamba tulisoma wote shule ya msingi. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza andika hii orodha ya asiyoyaweza, ibandike ukutani, na kila ukijikuta umekwama kwenye sura usimpe uwezo mpya, rudi kwenye orodha uone atapita wapi.

Halafu kuna kubwa kuliko hilo, na kusema kweli ndo limenifanya nikae niandike haya yote. Hadithi ya polisi inauliza nani kaua. Mwandishi wa habari anaweza akamjua muuaji mapema tu, maana mji huu watu wanajua. Kaa kijiweni Kaloleni, kula kwa mama ntilie pale soko la Kilombero, ongea na dereva wa kifodi (daladala ndogo) anayelaza gari Unga Limited, utaambiwa nani kafanya nini, kwa nini, na hela ilipita mkono wa nani. Wanajua wote na hakuna hata mmoja anayetaka jina lake litoke. Kwa hiyo kujua siyo kazi, kazi ni kupata kinachoandikika, yaani kitu ambacho mhariri kule Dar akikisoma saa mbili usiku na mwanasheria wa gazeti kakaa pembeni, wote wawili wakubali kiende mtamboni.

Mimi natumia notibuku ya kawaida ya shule, nagawa ukurasa katikati kwa rula. Kushoto naandika ANAJUA, kulia ANAWEZA KUANDIKA. Kila sura lazima kitu kimoja kihame kutoka kushoto kwenda kulia, au kile kilichokuwa kimeshafika kulia kirudi kushoto kwa aibu, mfano yule mama aliyekubali kunukuliwa kapiga simu asubuhi analia anasema mwanangu naomba unifute. Sura ambayo hakuna kilichohama naitupa hata kama ina maneno matamu, na niamini, nimetupa nyingi.

Vidokezo vitoke kwenye kazi yake

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wanapakimbia, wanakimbilia kisu chenye alama za vidole. Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kamanda wa polisi na waandishi ataijua hiyo lugha:

"Mnamo tarehe 14 majira ya saa 12 asubuhi huko maeneo ya Kisongo ulikutwa mwili wa mtu mmoja jinsia ya kiume, mfanyabiashara wa madini, anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 40 na 45, ambaye jina lake halijafahamika mara moja. Mwili umehifadhiwa hospitali na uchunguzi unaendelea."

Pale chumbani kuna waandishi kumi. Tisa wananakili kama walivyosomewa maana stori ni ya aya nne tu na kuna mkutano mwingine saa tano wenye chai. Wa kumi, wako, kalamu imesimama. Jina hawalijui, umri wanakadiria, sasa kazi yake wameijuaje? Ama kuna kitu kilikutwa mfukoni hakijatajwa, ama kuna mtu alimtambua akaomba asitajwe, ama kuna aliyeshaongea na mtu kabla ya taarifa kuandikwa. Hujamwaga damu, hujapiga risasi, ni maneno matatu tu yamekaa mahali pasipo pake na msomaji kayasoma pamoja na mpelelezi kwa hiyo humdanganyi.

Sasa angalia kosa ambalo nililifanya mimi kwenye hadithi yangu ya kwanza. Nilimfanya mwandishi wangu anyooshe mkono aulize palepale. Korespondenti mmoja mzee, enzi hizo alikuwa anaripoti ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokaa hapa Arusha mpaka 2015, aliisoma akanipigia simu anacheka. "Wewe, ukiuliza mbele ya watu tisa si umewagawia stori?" Mwandishi wa kweli pale anafunga notibuku, anapiga miayo, anatoka mwisho, anakwenda kumsubiri askari fulani pale anapokunywa chai. Huo wivu wa kazi ni kitu ambacho polisi wa kwenye riwaya hana. Mwandishi anashindana na muuaji na anashindana na wenzake, na mara nyingine wenzake ndo wanamtesa zaidi.

Kidokezo kingine ninachokipenda ni cha hela za simu, na kila Mtanzania anakijua hata kama hajawahi kukifikiria hivyo. Umepata namba kwenye kipande cha karatasi, haina jina. Unaingia kwenye menyu kama unataka kutuma elfu moja, unaandika namba, na kabla hujaweka namba ya siri jina la mwenye laini linakuja hilo hapo kwenye kioo. Unaghairi. Hujavunja mlango wa mtu na umeshapata jina. Watu hukomea hapo, wewe usikomee. Laini zinasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na toka Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa, kwa hiyo mhalifu mwenye akili haongei kwa laini yenye jina lake. Jina linalotokea ni la bibi wa miaka themanini wa Kiboriloni ambaye hajui hata kusoma meseji. Mpelelezi wako anapanda kosta hadi Moshi, anatembea hadi kwa bibi, anakaribishwa ndizi, na kwenye maongezi ya mifugo na magoti yanayouma bibi anataja kwamba mwaka juzi mjukuu mmoja alimpeleka mjini "kuweka kidole". Mjukuu yupi bibi? Bibi anao kumi na saba. Umeona? Una sura nzima hapo na swali jipya, na yote kaifanya mtu mwenye nauli ya kwenda na kurudi tu.

Mengine nayapitia haraka. Majina ya wenye kampuni yanatafutwa BRELA, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Hati ya kiwanja inatafutwa ardhi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, na kama huna wazo la kisa kasome zile za mauaji na mirathi usiku mmoja, utapata visa mpaka uchague. Kuna Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua kuomba taarifa ofisi ya umma na wao wana siku 30 za kukujibu, ambazo kwenye riwaya ni saa ya ukutani uliyopewa bure, maana barua ikishapigwa muhuri wa kupokelewa kuna mtu ndani ya ofisi ile anajua nini kinatafutwa na amebakiza siku ngapi.

Mahakama lakini tusiiruke. Nimesoma hadithi mshtakiwa wa mauaji anapandishwa kizimbani Jumatatu, anakana Jumatano, Ijumaa kahukumiwa. Kwetu mtu wa mauaji akifikishwa mbele ya hakimu mkazi anasomewa shitaka na hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, dhamana hakuna, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, anarudi, inaahirishwa tena, mpaka siku kesi ije kuhamia Mahakama Kuu. Waandishi wachanga wanaona hii inaboa. Ni zawadi hiyo! Una mtu asiye na hatia yuko mahabusu na una sababu ya mpelelezi wako kurudi kila baada ya wiki mbili kwenye korido ileile, na kila safari anaona kitu kipya kuhusu waliokuja: mke alikuja mara mbili za kwanza halafu hakuja tena, wakili kabadilika ghafla na huyu mpya ni wa bei, na kuna mzee wa koti la kijivu anakaa nyuma kila mara na haongei na upande wowote.

Mfiwa siyo chanzo tu

Hili naliandika kwa taabu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kulitokea ajali ya usiku, nikawahi chumba cha maiti, mtu fulani pale akanionyesha kitambulisho na namba iliyokuwa imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Mimi na dedilaini yangu nikapiga ile namba nithibitishe jina. Akapokea mwanamke, sauti ya usingizi, nikamuuliza kama anamfahamu fulani, akasema ni mume wangu, kwani kafanyaje? Nikagundua kwamba hakuna aliyemwambia. Ni mimi, mtu asiyemjua, nimesimama kwenye baridi ya Julai na kalamu mdomoni. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nyuma yake kulikuwa na mtoto anauliza mama nani huyo. Stori ilitoka, jina niliandika sahihi, mhariri akasema kazi nzuri.

Nimekaa na ile simu miaka mingi, na nilipokuja kuandika hadithi ndo nikajua kwamba mpelelezi wangu hawezi kuwa mtu anayeingia msibani akauliza maswali matano akatoka. Anakaa kwenye turubai, anatoa rambirambi anaandikwa kwenye daftari (na daftari la rambirambi ni kidokezo kingine hicho, nani katoa ngapi na nani hakutoa), anapewa wali, anajisikia mwizi. Muuaji ana siri yake na mwandishi wako ana ya kwake ndogo, kwamba kila aibu ya watu hawa inamlipa kodi ya nyumba. Msomaji akiiona hiyo siri atamfuata mpaka mwisho hata akikosea.

Bahasha, kanjanja na mhariri

Mpe njaa. Siyo njaa ya kusikitisha, njaa ya kawaida, kodi ya miezi mitatu inadaiwa pale Kijenge na kompyuta mpakato ni ya kuazima. Halafu mletee bahasha. Sahau zile filamu ambazo jambazi anasukuma begi la dola mezani. Bahasha ya kwetu inakuja kwa heshima, kuna semina, kuna karatasi ya kusaini, kuna mtu mpole anasema "hii nauli tu kaka, umetoka mbali". Na mpole huyohuyo ndo kaajiriwa na yule anayechunguzwa. Je, anasaini? Jina lake likikaa kwenye ile karatasi, sura ya kumi na tano litatolewa mbele ya mhariri kama ushahidi kwamba alishakula. Mimi ningemfanya asaini. Mpelelezi msafi sana hakuna anayeogopa kumpoteza, na msomaji wa Kitanzania atasema huyu katoka wapi.

Karibu naye muweke kanjanja, yule mwandishi wa mifuko anayeandika kwa anayelipa, kila mtu anamdharau. Usimfanye mjinga. Kanjanja anajua siri kuliko wote kwa sababu kalipwa kuzinyamazia.

Mhariri watu wanamsahau kabisa, wanamweka kwenye simu kidogo "stori iko wapi?" basi. Magazeti mengi makubwa yanachapwa Dar, yeye yuko huko, hajui harufu ya mvua ya hapa wala hajui kwamba mfanyabiashara anayetaka kumwandika ndo kajenga kanisa mtaani kwenu. Ana tangazo la ukurasa mzima la kampuni ya yuleyule. Andika maongezi yao yakiwa na maana mbili. Mhariri akisema "hii tuiache ipumzike kidogo", ni woga, ni busara, au kanunuliwa? Usimjibie msomaji mapema. Mimi kwenye hadithi moja niliacha mpaka sehemu ya 31 na watu wakagawanyika vibaya mno, mmoja akaapa mhariri ndo muuaji, mzee wa watu alikuwa na kisukari tu na uchovu.

Mahali: usiweke Arusha ya kwenye kalenda

Kuna hadithi za Arusha zina tembo kila ukurasa. Mkazi wa Arusha anaweza kumaliza mwaka hajaona tembo ila kila siku anaona foleni ya barabara ya Sokoine. Andika Juni na Julai ile baridi yenye ukungu, Mlima Meru hauonekani siku nne mfululizo, walinzi wamejifunga mashuka na moto wa mabox getini, hapo mtu mwenye kofia iliyoshushwa hadi nyusi siyo mtu wa kutiliwa shaka, ni kila mtu. Andika Mnara wa Saa saa mbili usiku watalii wameshaondoka.

Na madini, sawa, andika madini, ila jua mambo yalivyo. Mererani, kwenye tanzanite, ipo Simanjiro, mkoa wa Manyara, na tangu 2018 migodi imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 na ushei, unaingia getini unapekuliwa na unatoka getini unapekuliwa. Wale wanaoandika broka kakimbia na jiwe mfukoni moja kwa moja hadi mjini wamechelewa. Lakini ona ulichopewa hapo. Wapenzi wa hadithi hizi wanajua kile kisa cha chumba kilichofungwa, mtu kashambuliwa ndani, mlango umefungwa kwa ndani, aliyemshambulia katoka wapi? Mfaransa Gaston Leroux, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa habari za mahakamani, alitoa kisa cha namna hiyo 1907, kwa vipande gazetini kama sisi na "itaendelea" zetu, na aliyekifumbua alikuwa kijana ripota, Rouletabille. Wewe una chumba kilichofungwa cha kilomita 24. Jiwe lilionekana ndani saa nne, wanaapolo (wachimbaji) watano wameliona, saa kumi liko mezani Arusha. Limepitaje? Zaidi ya miaka mia imepita na hiyo nafasi bado iko wazi inakusubiri.

Kwa Moshi mimi nina upendeleo, nakubali. Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani kwa sikukuu, wanaita kuhesabiwa, magari ya namba mpya yamejaa barabara za migombani, kaka wa Dar, dada wa Mwanza, mjomba aliyetoka nje, wote ndani ya kihamba kimoja, shamba la ukoo, chenye makaburi ya mababu na mgogoro wa mpaka ambao haujaisha. Hiyo ndo nyumba yako ya washukiwa, huhitaji kisiwa wala treni. Na mwandishi wako siyo mgeni, ni yule mdogo wao ambaye hakufanikiwa, kila mwaka anaulizwa "bado uko na mambo ya magazeti?" na kazi aliyopewa kwenye sherehe ni kupiga picha.

Sasa mbege, pombe yetu ya ndizi. Anayekukaribisha anaonja kwanza ndo anakupa kata, kile kibuyu cha kunywea, wewe unampa wa pembeni, inazunguka. Tuseme kaka mkubwa kafa usiku ule na watu wote wanasema ni kile kinywaji. Haiwezekani, kata moja wamenywa watu tisa. Polisi wanamwachia mama aliyepika pombe, kisa kinaonekana kimeisha kama ugonjwa wa moyo. Mwandishi anarudi Arusha, wiki mbili baadaye anachagua picha za kuwatumia ndugu, na kwenye picha ya 40 na kitu, ile ya shangazi anacheka mpaka kilemba kimedondoka, nyuma kabisa kaka mkubwa anaipitisha kata bila kuinua. Alishaacha pombe, hakutaka watu wajue. Mkono mwingine ana soda. Chupa imeshafunguliwa, na kule kwao ukimletea mgeni soda unaifungulia mbele yake. Nani kaileta imefunguliwa?

Hila ya hapo ni kwamba ile picha lazima uwe umeielezea kwenye sura ya tatu, na kata isiyoinuliwa na soda vyote viwemo, ila uvifunike na kicheko cha shangazi. Msomaji akiwa anacheka hahesabu chupa. Akifika mwisho akirudi nyuma kuhakikisha na akakuta ipo, hapo umempata, atakutukana kwa mapenzi. Akirudi akakuta haipo, atakutukana kweli.

Chanzo akikuvua nguo

Kuna ugomvi mmoja ambao usipouweka nitakulaumu. Mwandishi wako amepata ushahidi kutoka kwa mtu aliyemuahidi hatamtaja. Polisi, na huyu ni mpelelezi mzuri wa polisi siyo mbaya, anamfuata anamwambia nipe jina nimkamate muuaji kesho. Akitaja, muuaji anakamatwa na chanzo anaumia. Asipotaja, muuaji analala nyumbani kwake leo. Kaeni hapo, hata sura mbili. Usimletee bahati ya kumtoa, kama vile chanzo mwenyewe kujitokeza kwa ujasiri, hiyo nimeitumia na nilijua naiba.

Mwisho wa hadithi pia si lazima uwe na pingu. Stori imetoka au haijatoka? Imetoka ukurasa wa mbele au imekatwa ikawa aya tatu ukurasa wa 11 chini ya tangazo la mnada? Mojawapo ya miisho ninayoipenda niliyowahi kuandika gazeti linafika stendi asubuhi, muuza magazeti anaisoma kwa sauti kichwa chake, na mtu wa kwanza kununua ni mke wa muuaji, ananunua zote zilizopo.

Kama unaposti kwa vipande, kila kipande kisiishie kwenye bunduki, watu wamechoka. Ishia kwenye jina limetokea kwenye kioo cha simu. Na majina ya watu halisi acha kabisa, cheo cha kamanda tumia lakini usimfananishe na aliyepo, jina la mtaa badilisha, biashara tunga, maana msomaji wa Arusha ana uhodari wa kusema "huyu ni fulani" hata kama hukumwaza. Kabla ya kuposti mpe konda mmoja asome, akikwambia gari la Moshono halipiti hapo, sikiliza.

Yule dogo wa Sakina jana kanitumia sura mpya. Bastola katoa. Njiro katoa, kamhamishia jamaa chumba kimoja Ngarenaro na anadaiwa umeme. Prado ndo kagoma kuitoa, anasema basi iwe ya shemeji yake, kamwazima tu. Nikamuuliza shemeji anafanya kazi gani. Kakaa kimya kama dakika tano, naona tu "anaandika... anaandika...", halafu ikaja: "bro, ngoja kwanza."